NYAYA ZA MTANDAO OFISINI: ZIFUNGWE VIPI ZISIJE ZIKATUTIA AIBU

Leo tuziache habari za mjini pembeni kidogo, tuongee ufundi.

Kama unasoma hii ukiwa kwenye kafe, hebu inama uchungulie chini ya meza. Kuna uwezekano mkubwa utakuta nyaya zimejiviringisha kama tambi, vumbi juu, na katikati kuna swichi ndogo imening'inia kwa waya wake yenyewe. Jamaa wa kaunta akisema "mtandao uko chini, subirini kidogo", mara nyingi tatizo haliko kwa kampuni inayoleta intaneti. Liko hapo hapo miguuni kwako.

Mimi nimefanya kazi ya kuvuta nyaya kwenye maofisi ya Dar es Salaam kwa miaka kadhaa. Vijana wengi wananiuliza waanzie wapi, kwa hiyo nimeona niandike yote sehemu moja, mtu akitaka aprinti akae nayo. Ila kwanza niwape kisa, maana bila hicho mtaona nawapigia porojo za kitaalamu tu.

KISA CHENYEWE

Mwaka 2012 nilifunga pointi 24 kwenye ofisi moja ya uwakala wa forodha. Jina naliweka kapuni. Bosi alitaka kazi iishe Ijumaa ili Jumatatu watu waingie. Nikavuta, nikabana, nikapima kwa testa ya taa, zote zikawaka. Lebo? Nikasema nitarudi kuweka. Sikurudi. Hela nilishalipwa, kazi nyingine ikaja, basi tena.

Mwaka 2014, Jumatatu moja asubuhi, napigiwa simu: mtandao wote umekufa. Nyaraka za makontena haziendi, na sote tunajua mzigo ukikaa bandarini kupita siku za bure tozo inahesabiwa kwa siku. Nafika, namkuta kijana mmoja amekaa nje na mfuko wake. Alikuwa tarishi, lakini kwa kuwa alijua kompyuta kidogo ndiye alikuwa "IT" wao. Ijumaa jioni alionekana amefungua kabati la swichi. Meneja akaunganisha moja na moja, akamwambia akusanye vitu vyake.

Nikafungua kabati. Nyaya 24, zote za kijivu, hakuna hata mmoja wenye namba. Nikaanza na ruta, wapi. Nikaenda Kariakoo kununua swichi nyingine, wapi. Mchana ndipo nikaanza kuchomoa waya mmoja mmoja. Nilipofika wa kumi na saba, taa zilizokuwa zinapepesa kama zimepagawa zikatulia. Sasa huo waya unaenda wapi? Sijui. Nilitambaa chini ya meza zote mpaka saa kumi jioni, nikaukuta chumba cha mikutano nyuma ya pazia. Kuna pachi kodi moja, kichwa kimoja kimechomekwa soketi ya kushoto, kingine soketi ya kulia. Mtu wa usafi aliona waya unaning'inia akauchomeka ili pawe nadhifu. Hilo tu.

Kitaalamu huo unaitwa mzunguko. Ujumbe wa kutangaziwa mashine zote unatoka swichi, unazunguka, unarudi kwenye swichi ile ile, unatumwa tena, hauishi. Ndani ya sekunde chache mtandao mzima umejaa.

Yule dogo Ijumaa alikuwa anatafuta waya wa printa. Hakuwa na njia ya kuujua, kwa sababu mimi sikuandika. Nikamwambia meneja, "Mzee, kosa si la kijana, ni la kwangu." Akasema ameelewa. Kijana hakurudishwa. Nilimpigia mwenyewe nikamwomba radhi, akajibu, "Yameisha kaka," akakata simu.

Sasa tuingie kazini.

1. MPANGILIO MAANA YAKE NINI

Wengi wanadhani ni kupanga nyaya zipendeze. Hapana. Wazo ni kwamba nyaya za ukutani zinafungwa mara moja na hazisogezwi tena. Kila meza ina soketi yake, na kila soketi ina waya wake mmoja unaokwenda moja kwa moja hadi kwenye kabati, bila kuungwa njiani. Kule kabatini unaishia kwenye pachi paneli, siyo kwenye swichi. Kutoka pachi paneli kwenda swichi unatumia pachi kodi fupi. Mtu akihama meza, unahamisha pachi kodi tu. Ukuta hauguswi.

Viwango vya kazi hii vilianza kuandikwa rasmi Marekani mwaka 1991 kwa jina la TIA-568, na vimekuwa vikisahihishwa hadi leo. Namba ya kukariri ni hii: waya wa ukutani usizidi mita 90, na pachi kodi za pande zote mbili kwa pamoja zisizidi mita 10. Jumla mita 100. Ukipita hapo unabahatisha. Na pima njia ya waya, siyo umbali wa macho. Waya unapanda ukuta, unazunguka dari, unashuka tena.

Kila meza weka soketi mbili hata kama mteja anataka moja. Gharama kubwa ni kuvuta, na ukishatoboa ukuta waya wa pili ni hela kiduchu.

2. KUCHAGUA WAYA

Cat5e inapitisha gigabiti 1 mpaka mita 100. Cat6 nayo inafanya hivyo, na inaweza kufika gigabiti 10 kama waya hauzidi mita 55 na mazingira ni mazuri. Cat6A inafikisha gigabiti 10 mita zote 100, ila ni mnene na mgumu kukunja. Kwa ofisi ya kawaida Cat6 inatosha kabisa.

Hapa sasa ndipo penye usanii. Kuna waya unauzwa umeandikwa Cat6, boksi zuri, mita 305 kama kawaida, bei karibu na bure. Ndani siyo shaba. Ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kwenye boksi wakati mwingine wameandika CCA kwa herufi ndogo, wakati mwingine hawaandiki kitu. Viwango vinataka shaba tupu, kwa hiyo huo si Cat6 hata wakiuandika mara kumi.

Kuutambua ni rahisi. Kwanza, nyanyua boksi: alumini ni nyepesi kuliko shaba kwa zaidi ya mara tatu, kwa hiyo boksi la CCA linakuwa jepesi isivyo kawaida. Pili, kwangua uzi mmoja kwa wembe: shaba ni nyekundu mpaka katikati, CCA itatoa rangi ya fedha. Tatu, kunja uzi huo huku na huku: alumini inakatika upesi.

Ubaya wake ni nini? Alumini inazuia umeme zaidi ya shaba, kwa zaidi ya nusu. Siku hizi kamera, simu za mezani na vifaa vya waifai vinavyofungwa darini vinapokea umeme kupitia waya huo huo wa mtandao, ile wanayoita PoE. Kiwango cha kwanza cha mwaka 2003 kilikuwa wati 15.4, na cha mwaka 2018 kinafika hadi wati 90 kutoka kwenye swichi. Peleka umeme huo kwenye fungu la nyaya za CCA lililobanwa juu ya dari yenye joto la Dar, zinachemka. Mteja akileta waya wake wa bei poa, mwambie ukweli. Akikataa, andika kwenye karatasi na asaini.

3. KUVUTA

Usivute kama unavuta ng'ombe. Waya una jozi nne zilizosokotwa, na ule msokoto ndio unaozuia kelele. Ukivuta kwa nguvu nyingi msokoto unanyooka, na kwa nje huoni kitu. Kikomo ni kama kilo 11 za mvuto. Waya ukikwama, panda dari ukaunasue.

Usiukunje kona kali. Mkunjo wa ndani usipungue mara nne ya unene wa waya, yaani kwa Cat6 kama sentimita mbili na nusu.

Usiupitishe pamoja na nyaya za umeme. Bomba moja na umeme wa volti 230 ni marufuku, siyo kwa sababu ya kelele tu bali kwa usalama wa watu. Zikienda sambamba mimi huacha angalau sentimita 30. Zikilazimika kupishana, zipishane kama msalaba. Epuka taa za mirija na mota za viyoyozi.

Usiulaze waya juu ya mbao za dari. Funga ndoano au trei kwenye muundo wa jengo, siyo kwenye mabomba ya maji wala kwenye nyaya za taa. Na acha ziada ya mita mbili tatu upande wa kabati, siku moja litahamishwa.

4. KUBANA

Kuna mpangilio wa rangi wa aina mbili, A na B. Huku kwetu nimekuta B ikitumika zaidi. Shika RJ45 kile kiulimi kikiwa chini, mdomo unaokwenda kwenye mashine ukitazama mbele, hesabu kutoka kushoto:

1 - nyeupe/chungwa
2 - chungwa
3 - nyeupe/kijani
4 - bluu
5 - nyeupe/bluu
6 - kijani
7 - nyeupe/kahawia
8 - kahawia

Aina ya A ni hiyo hiyo, ila chungwa na kijani zinabadilishana nafasi. Yoyote utakayochagua, jengo zima liwe hiyo moja.

Sasa sikiliza kosa ambalo wengi wanalifanya. Mtu anapanga rangi zifuatane jozi kwa jozi: chungwa mbili, kijani mbili, bluu mbili, kahawia mbili. Pande zote mbili sawasawa. Anapima kwa testa ya taa, taa nane zote zinawaka kwa mpangilio. Anaondoka. Baada ya wiki mteja analalamika mtandao mzito. Kwa nini? Kwa sababu mashine inategemea pini ya 3 na ya 6 ziwe jozi moja iliyosokotwa pamoja. Hapo ya 3 ni ya kijani na ya 6 ni ya bluu, kwa hiyo jozi zinapokezana kelele. Waya mfupi unaweza ukafanya kazi, mrefu unakwama. Ile testa haioni hilo, inaangalia tu kama umeme unapita.

Jambo lingine: mtandao wa megabiti 100 unatumia jozi mbili tu, lakini gigabiti unatumia zote nne. Kama kompyuta inaonyesha megabiti 100 wakati swichi ni ya gigabiti, shuku jozi ya bluu au ya kahawia imelegea.

Unapobana kwenye soketi au paneli, usifungue msokoto zaidi ya milimita 13. Ganda la nje lifike karibu kabisa na kichwa.

5. KABATI

Kabati la kawaida lina upana wa inchi 19, na urefu wake unahesabiwa kwa U. U moja ni milimita 44.45. Nunua kubwa kuliko unavyohitaji leo. Mpangilio wangu ni faiba na ruta juu, chini yake pachi paneli, kisha swichi, kisha paneli nyingine, na UPS chini kabisa kwa sababu ni nzito.

Tumia pachi kodi fupi. Paneli na swichi zikiwa jirani, sentimita 30 hadi 50 zinatosha. Pachi kodi ya mita tatu inayozunguka mara tano ndiyo inayozaa tambi. Rangi nazo zinasaidia: bluu kompyuta, kijani simu, nyekundu kamera. Chagua zako, kisha ziandike kwenye karatasi ndani ya mlango.

Funga mafungu kwa kamba za kunata na kubandua, siyo vile vifungo vya plastiki. Cha plastiki ukikikaza kinaminya waya, na siku ya kuongeza mmoja inabidi ukate vyote. Kama huna budi, kiache kilegee kiasi cha kukizungusha kwa kidole.

Kabati liungwe kwenye waya wa ardhi wa jengo. Na chumba kiwe na hewa. Nimeshakuta swichi kwenye stoo ya mafagio, juu ya ndoo ya maji.

Swichi zenye uwezo wa kusetiwa zina kinga dhidi ya mzunguko ule niliousimulia. Hakikisha imewashwa. Ingekuwapo siku ile, pointi moja tu ingezimwa na ofisi ingeendelea na kazi.

6. LEBO

Kila waya upate lebo pande zote mbili, na soketi na paneli ziandikwe namba ile ile. Mfano 1-A-07: ghorofa ya kwanza, kabati A, pointi ya saba. Usiandike "meza ya Mama Fulani" kwa sababu Mama Fulani atahama. Usitumie kalamu kwenye selotepu, joto linaifuta. Weka lebo KABLA ya kuvuta, siyo baada. Ukisema baadaye, utakuwa kama mimi.

Kisha chora ramani ya jengo yenye namba zote. Nakala moja ibaki kabatini, moja kwa mteja, moja kwako.

7. FAIBA

Watu wanaiogopa faiba bure. Ni uzi wa kioo unaobeba mwanga. Mwaka 1966 Charles Kao alionyesha kwamba kioo kikiwa safi vya kutosha kinaweza kubeba mawasiliano mbali, na mwaka 2009 akapewa Tuzo ya Nobel kwa hilo. Mwaka huo huo wa 2009, mwezi Julai, mkongo wa SEACOM ulifungua huduma Afrika Mashariki, Dar na Mombasa zikiwemo, na EASSy ukafuata 2010. Kabla ya hapo intaneti yetu ilitegemea setilaiti, mnakumbuka ukurasa ulivyokuwa ukifunguka mstari kwa mstari.

Ziko aina mbili. Singo modi ina kiini cha mikroni 9, ganda lake mara nyingi ni la njano, na inafika kilomita nyingi. Malti modi ina kiini cha mikroni 50 (za zamani 62.5) na ni ya ndani ya majengo. Ile ya OM3, ambayo rangi yake ni kama maji ya bahari, inabeba gigabiti 10 kwa mita 300. Usizichanganye kwenye njia moja.

Vichwa vya bluu vimepigwa msasa ulio sawa, vya kijani vimekatwa kwa mshazari wa digrii 8. Kijani kwa kijani, bluu kwa bluu. Ukilazimisha kuchomeka tofauti, mwanga unapotea na unaweza kuharibu vyote viwili.

Mambo manne ya kushika. Moja, usichungulie ndani ya faiba. Mwanga wake hauonekani kwa macho, na usiouona ndio unaounguza. Mbili, vipande vya kioo unavyokata vikusanye kwenye chupa yenye kifuniko. Vikiingia kwenye ngozi huvioni, na usile chapati kwenye meza hiyo hiyo. Tatu, safisha kichwa kila unapokichomeka, kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na alkoholi safi. Chembe moja ya vumbi inatosha kuziba kiini cha mikroni 9. Nne, mkunjo: wakati wa kuvuta usipungue mara 20 ya unene wa kebo, ikishatulia mara 10.

Na hili wengi hawalijui: kuunganisha majengo mawili, tumia faiba hata kama ni mita 40. Waya wa shaba nje ni mwaliko kwa radi. Masika ikianza, radi ikipiga karibu inapita kwenye shaba na kuua swichi za pande zote mbili. Kioo hakipitishi umeme. Ila chagua kebo isiyo na chuma ndani, la sivyo chuma hicho nacho lazima kiungwe ardhini.

8. KAMA OFISI IMESHAKUWA TAMBI

Usianze kukata. Kwanza piga picha kila kitu. Pili, andika kila pointi ya swichi inakwenda wapi. Testa yenye kutoa mlio ni rafiki yako, unachomeka upande mmoja unasikiliza upande mwingine. Tatu, hifadhi mipangilio ya ruta na swichi. Nne, kubaliana na mteja muda wa kuzima, Jumamosi jioni kwa mfano. Tano, toa nyaya zilizokufa zote, ila tu baada ya kuhakikisha zimekufa. Sita, rudisha moja moja, kila ukirudisha unapima. Saba, Jumatatu asubuhi uwepo pale ofisini kabla ya wafanyakazi.

Kwa upimaji wa mwisho, kazi ya hela ya maana ikodishie mashine inayopima kelele kati ya jozi na upotevu wa nguvu, siyo taa peke yake. Mpe mteja matokeo ya kila pointi.

Pale kwenye ile ofisi nilirudi Jumamosi iliyofuata, bila malipo, nikaweka lebo pointi zote 24. Ilinichukua saa tatu. Saa tatu tu, wadau, ndizo nilizokuwa nimebania mwaka 2012.

Haya, kazi kwenu. Mafundi wenzangu, pale nilipokosea nisahihisheni hapo chini. Na wewe wa kafe, kama umechungulia chini ya meza, tuambie umekuta nini. Ila usichomoe kitu.